Jiwe la Pili

Juu kwenye Uwanda wa Mwalole, ambako upepo hauna mti wa kuuzuia na ukungu huingia bila hodi, mtu hakupita mbele ya Lundo mikono mitupu. Jiwe uliliokota mapema, kule chini mtoni. Ukalitia kwapani, ukatembea nalo mpaka likapata joto la mwili, na ulipofika ukaliweka juu ya wenzake na kusema, "Lala kwanza, tutakuja." Kisha ukaenda zako. Asiyefanya hivyo mguu ulimvimba, au ng'ombe wake alikauka maziwa, au mume alianza kurudi nyumbani mapema. Kila ukoo ulikuwa na balaa lake.

Tena palikuwa na kanuni nyingine, ile ambayo mabibi waliwaambia wajukuu kwa sauti ya chini: ukisikia kitu ndani ya Lundo, ongeza jiwe la pili, wala usigeuke nyuma.

Subilaga alikuwa ameweka mawe pale tangu alipojua kutembea, na sasa alikuwa na miaka sitini na miwili na makwapa yenye uzoefu. Asubuhi hiyo alikuja kuyatazama yakiondolewa.

Buibui wa chuma mwenye mikono sita alikuwa juu ya Lundo siku ya tisa sasa, akishusha mawe moja moja, akiyapima, akiyapiga picha na kuyatandaza kwenye nyasi kama mtu anayeanika ulezi. Chini yake alisimama Daktari Rukia, mtaalamu wa mambo ya kale, mtu wa Tanga, aliyevaa sweta tatu na bado meno yalikuwa yakimgongana.

"Mama Subilaga," alisema Rukia, "hivi mbona mengi yana weusi upande mmoja? Yamechomwa?"

"Jasho la makwapa hilo, mwanangu. Mafuta ya wazee wetu hayo. Usiyalambe."

Rukia alilirudisha chini lile alilokuwa ameshika, akafuta mkono kwenye sweta ya juu.

Sheria ilitaka mwenyeji mmoja asimame karibu pale mifupa ya kale inapoguswa. Wenyeji wengine wote walipatwa na maradhi ya ghafla juma hilo hilo, huyu mgongo, yule tumbo, na fundi seremala akadai amepofuka mpaka Jumatatu. Akabaki Subilaga. Hakuja kwa ushujaa. Alikuja kwa sababu ukitaka kukimbia kidole chako mwenyewe, mahali pazuri ni mbali na ofisi.

Lakini ofisi ilimfuata. Kibao cha kazi kikalia ndani ya kikapu, na sauti ya Ambilikile, Msimamizi wa Nyumba ya Tatu, ikatoka humo kana kwamba amejikunja kati ya viazi.

"Shangazi, hujanigongea kidole kwenye hati."

"Kidole kimeganda, Bwana Msimamizi."

"Kipulizie. Walalaji mia mbili na kumi na wawili, kuwasogeza mwaka mmoja tu. Viazi vimeungua tena huko mabondeni, umeviona kwa macho yako."

"Mwaka mmoja tu ndivyo ulivyosema mwaka jana. Na mwaka juzi."

"Basi unaona mimi si kigeugeu. Kabla ya saa kumi, shangazi. Tafadhali."

Alikuwa mtoto wa jirani, huyo. Subilaga alimfuta kamasi alipokuwa hajui kuvaa kaptula, na sasa alikuwa na mhuri.

Kibao kilionyesha hati, na chini yake kiboksi cheupe kikisubiri dole gumba. Pasipo dole la mwamshaji, yaani lake, kengele ingelia kesho alfajiri katika Nyumba ya Tatu, dawa ya kuamshia ingeingia kwenye mishipa, na walalaji wote wa zamu hiyo wangeketi vitandani wakiomba uji. Na kwa kila aliyeinuka, mmoja aliyekuwa macho angelala siku hiyo hiyo. Kinywa kwa kinywa, ndivyo sheria ilivyosema tangu miaka ya jua kali, chakula kilipobaki cha kutosha theluthi mbili tu ya watu. Hapakuwa na ukatili ndani yake. Kura ilipigwa, ukanywa dawa ya lile ua la buluu la uwandani, ukalazwa kwenye baridi miaka miwili, huli, huzeeki, husikii. Ukiamka, mwenzio anashika zamu. Watoto walikuwa hai kwa sababu ya sheria hiyo, na Subilaga hakuwahi kuitukana.

Ila kuiogopa aliiogopa sana.

Kura ilipomwangukia yeye, miaka minne iliyopita, alianza kukohoa. Alikohoa mchana, alikohoa usiku, alikohoa akila. Atupele, mke mwenzake mdogo, alimtazama siku tatu kutoka upande wa pili wa jiko walilogawana tangu mume wao afariki, kisha akaweka mwiko chini.

"Acha kukohoa, dada, utavunja mbavu bure. Nitalala mimi zamu yako. Miaka miwili nini? Nililala na marehemu miaka ishirini, nikimsikiliza anavyokoroma. Huko angalau kimya."

Akaenda. Kitanda namba sabini na saba. Hata kabla ya siku ya kulazwa, Subilaga, kwa shukrani, akaomba kazi ya uamshaji Nyumba hiyo hiyo, ili awe karibu, na ndiye aliyewalaza wote. Miaka miwili ilipokwisha, hati ya kwanza ikaja. Atupele akiamka, Subilaga angelala: hesabu haikuwa ngumu, hata kwa mtu wa darasa la saba. Akagonga kidole. Mwaka uliofuata akagonga tena. Ili kutuliza roho, kila Jumapili alimpelekea mwenzake jiwe, amelipasha vizuri, akaliweka juu ya kifuniko cha kitanda na kusema maneno ya Lundo. Wengine walipoona, nao wakaanza kuwapelekea ndugu zao. Ilionekana heshima. Nyumba ya Tatu ikajaa mawe.

Jumapili iliyopita alipoweka lake, alisikia kitu. Kidogo tu, kama panya ndani ya debe. Mkono wake ulilichukua jiwe la pili kabla yeye hajafikiri. Akaliweka, akasema maneno, akatoka bila kugeuka, kama alivyofundishwa. Njiani alijiambia kwamba Nyumba ya Tatu ina panya.

* * *

Karibu na saa tano Buibui alisimama. Mawe yalikuwa yamekwisha, na chini yake palikuwa na bamba moja pana la mwamba, limelazwa bapa juu ya shimo lililojengwa kwa mawe pande zote.

"Elfu thelathini na nane, mia moja na sita," Rukia alisoma kwenye kioo cha mashine. Alikuwa amesahau baridi. "Mama, hili limekaa miaka elfu tatu na zaidi. Watu hawa hawakuwa hata na chuma."

"Makwapa walikuwa nayo."

Rukia alicheka, halafu akakunja uso. "Kuna jambo silielewi. Buibui anakumbuka kila jiwe lilivyokaa. Tabaka la chini kabisa, la kwanza kuwekwa, mawe yamekaa moja moja, kila moja na nafasi yake. Kisha ghafla, tazama hapa, yako mawili mawili. Yote. Kama vile kulikuwa na majira fulani ambapo kila aliyepita aliweka mawili. Kisha yanarudi kuwa moja moja mpaka juu."

Subilaga aliyahesabu kwa macho, mawili, mawili. Upepo ulikuwa umepata tundu kwenye shuka lake na ulikuwa ukiingia humo taratibu.

Buibui aliingiza mikono minne chini ya bamba, akaliinua, akaliegemeza pembeni kama mlango. Harufu iliyotoka haikuwa mbaya. Ilikuwa harufu ya ghala la viazi, na nyuma yake, nyembamba sana, ladha ya uchungu kwenye ulimi ambayo Subilaga aliitambua kabla ya kuipatia jina. Lile ua la buluu.

Taa ya Buibui ilishuka ndani. Mifupa ilikuwa imelala kwa safu mbili, kama ishirini huku na ishirini huko, na mbele ya kila fuvu kibakuli cha jiwe.

"Makaburi ya pamoja," Rukia alinong'ona. "Na vibakuli vya kuwapa wafu chakula cha safari. Lo, mama, tazama walivyopangwa vizuri!"

Subilaga alitazama. Ubavu wa kushoto. Goti la kulia limekunjwa mbele, limewekewa kijiwe bapa chini yake. Kiganja chini ya shavu. Shingo imeinamishwa kidogo ili ulimi usizibe koo. Yeye mwenyewe alikuwa amewalaza watu mia mbili na kumi na wawili hivyo hivyo, mmoja mmoja, akiwaambia vichekesho vidogo wasiogope.

"Daktari," alisema. "Wewe umeshazika?"

"Nimezika, mama. Baba yangu."

"Mlimwekea kitu chini ya goti?"

"Cha nini?"

"Asipate ganzi."

Rukia aliinama kukitazama kijiwe kilichokuwa chini ya goti la kwanza.

"Maiti hapati ganzi, mwanangu. Hakuna anayemhangaikia goti. Hawa hawakuzikwa. Hawa walilazwa."

Hapo Buibui, ambaye hajui mazungumzo ya watu, akasogeza taa kwenye kona ya mbali, na wote wawili wakaona kwamba safu ya kulia ilikuwa na watu kumi na tisa, si ishirini. Wa ishirini alikuwa kwenye kona, pale ngazi tatu za mawe zilipopanda hadi lilipokuwa bamba. Hakuwa amelala. Alikuwa amepiga magoti juu ya ngazi ya mwisho, ameegemea ukuta, mikono yote miwili juu ya kichwa.

Rukia alishuka polepole. Alichuchumaa karibu naye, akaitazama mifupa ya vidole kimoja kimoja. Kisha akapanda tena, akazunguka hadi kwenye bamba lililoegemezwa, akaliangalia upande wa chini, upande ambao haukuwa umeona mwanga tangu siku ulipofunikwa. Katikati palikuwa na mashimo mawili yaliyochongwa, ya ukubwa wa viganja.

"Haya ni ya kushikia," alisema. "Kwa ndani. Bamba hili lilichongwa makusudi liwe jepesi. Mtu mmoja mwenye nguvu angelisukuma akatoka mwenyewe." Akapitisha kidole kando ya mashimo hayo, na Subilaga akaona michirizi. Ilikuwa mingi, imepishana, mingine mirefu, mingine mifupi, kama bibi anavyokwangua ukoko kwenye sufuria. "Ncha za vidole vyake hazipo, mama. Zimelika."

"Kwa hiyo aliamka."

"Aliamka. Lakini juu kulikuwa tayari na mawe."

Wote wawili waligeuka wakayatazama, yametandazwa kwenye nyasi hadi ukungu ulipoanzia, meusi kwa jasho la watu wema. Mawe ya heshima. Mtu alipita, akafikiri juu ya wenzake waliolala, na juu ya chakula kilichokuwa nyumbani, na akaona kwamba si leo. Akaweka jiwe kuwaonyesha kwamba hajawasahau. Lala kwanza, tutakuja. Na siku mtu mmoja aliposikia kitu ndani, kama panya, akashtuka, akaweka la pili, na jioni akawaambia watoto wake wafanye vile vile wala wasigeuke nyuma.

Kibao kikalia kikapuni. "Shangazi? Kidole?"

Subilaga hakukichukua kikapu. Alikuwa amekwisha kuanza kukimbia.

* * *

Mwanamke wa miaka sitini na miwili hakimbii; anaanguka kwa mbele, na miguu inamuwahi. Kutoka Lundo hadi Nyumba ya Tatu ni mwendo wa saa nzima, na uwanda ni mtupu kama sinia iliyopanguswa, lakini ukungu ulikuwa umeshuka na kila jiwe lililojitokeza lilikuwa na umbo la mtu aliyepiga magoti. Alizijua nyasi zile tangu utoto. Leo zilimshika buti kama zinamwuliza kitu.

Alichokuwa akikiwaza kilikuwa kitu kidogo cha kiufundi, alichofundishwa siku ya kwanza ya kazi. Kifuniko cha kitanda cha baridi kina springi dhaifu. Kimetengenezwa hivyo kwa huruma: mlalaji akizinduka kabla ya wakati, anakisukuma kwa kidole tu, kifuniko kinapanda, na kupanda kwake ndiko kunakopiga kengele. Kisipopanda, kengele hailii. Na baridi haiulizi. Baada ya muda inamrudisha aliyezinduka usingizini, mpaka atakapozinduka tena. Mwalimu alisema pia kwamba dawa ya ua imepimwa kwa miaka miwili. Ikizidi hapo huanza kuchoka. Wakati ule Subilaga aliandika hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari, kwa kuwa alikuwa na kalamu nzuri.

Springi dhaifu. Miaka minne badala ya miwili. Jumapili mia moja na zaidi.

Alipofika mlangoni kifua kilikuwa kinapiga filimbi. Ambilikile alikuwa anamsubiri ndani, amevaa koti zito la ofisi, mikono nyuma.

"Shangazi, Daktari Rukia amenipigia, anasema mambo hayaeleweki, analia. Nini kimetokea? Na hati yangu..."

"Nipishe."

"Huruhusiwi kuamsha mtu bila kengele, unalijua hilo."

"Nani kasema naamsha? Naondoa uchafu. Tazama Nyumba yako ilivyo, Bwana Msimamizi, utadhani mto umepita."

Akampita. Vitanda vilikuwa kwenye safu ndefu mbili, vyeupe, na juu ya kila kimoja mawe. Vingine vilikuwa na kumi, vingine hamsini. Cha sabini na saba kilionekana tangu mlangoni. Hakuna aliyependa mke mwenzake kama yeye. Lundo lake lilifika kifuani.

Alianza kuyatupa chini. Mwanzo aliyaweka kwa adabu, kisha akayakumba kwa mikono miwili, yakaporomoka sakafuni kwa kishindo kilichozunguka ukumbi mzima. Yale mawili ya Jumapili iliyopita yalikuwa juu kabisa, yamekaa bega kwa bega. La mwisho lilipodondoka, kifuniko kikabaki pale pale.

Hakikupanda.

Aliweka sikio. Baridi ya bati ikamchoma shavu. Kimya. Akasikiliza tena, akizuia pumzi, na kimya kile kilikuwa kirefu kuliko uwanda.

"Atupele," alisema. "Mwenzangu. Ni mimi, mchawi wako."

Akagonga kwa vidole, mara mbili. Subilaga akafikiria mikono juu ya kichwa, na magoti kwenye ngazi ya mwisho, na ilimjia akilini kwamba hata sasa angeweza kwenda zake. Hakuna aliyejua. Angeweza kuliokota jiwe moja, kuliweka, kusema maneno. Mkono wake wa kulia, Mungu shahidi, ulikuwa umekwisha kulishika.

Kwa ndani, kitu kikakwaruza.

Jiwe likamtoka mkononi. Kifuniko kikapanda upana wa kidole, kikatetemeka, kikapanda upana wa mkono, na kengele ikalia kali mpaka Ambilikile akaruka. Mkono ukatoka kwenye ule ufa. Kucha zake tatu hazikuwepo.

Subilaga aliushika mkono ule kama mtu anavyoshika kamba ya ndoo kisimani, akavuta. Uso uliokuja ulikuwa mweupe kwa baridi, midomo imepasuka. Atupele alimtazama kwa muda, akitafuta kumbukumbu.

"Dada," alisema hatimaye, na sauti ilikuwa kama majani makavu. "Una mawe mazito wewe."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia ukisema lala kwanza. Nikakwaruza. Nikajua sasa atafungua." Akameza mate. "Halafu nikasikia unaongeza."

Subilaga alivua shuka akamfunika. Alimsugua mikono. Alilia, lakini kwa siri, kwa pua.

Kisha akasimama na kwenda kwenye kitanda namba sabini na sita, akaanza kuyakumba mawe yake.

"Shangazi!" Ambilikile alimshika mkono. Alikuwa amepauka. "Mmoja nimeelewa. Mmoja tutasema ni bahati mbaya. Lakini ukiondoa yote, watazinduka wote, leo, kesho. Nitawalisha nini? Si mimi niliyeunguza viazi. Wakiinuka hawa na wasilale wengine, kabla ya masika watoto watakula nyasi. Unalitaka hilo?"

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomtisha Subilaga kuliko kucha. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye akili, anayepita njia, anayefikiria chakula kilichoko nyumbani. Hata kwenye Lundo, pengine, aliyeweka la kwanza alikuwa mtu mwenye akili.

"Silitaki," alisema. "Basi walale wengine. Kinywa kwa kinywa. Wewe umekuwa macho miaka mingapi, mwanangu?"

Ambilikile akauachia mkono wake.

"Namba yako niliiona kwenye kura," Subilaga alisema taratibu. "Na ya mkeo. Kila hati ninayogonga inatusogeza sote, si wao tu. Nimekula chakula cha Atupele miaka miwili, na nilinenepa. Wa kwanza kulala ni mimi. Wa pili utamhesabu wewe, ndiyo kazi yako."

"Na ukishalala," alisema kwa sauti ndogo, "unadhani nani atakuamsha?"

Ndipo hofu ilipomshika kwelikweli, kwa miguu, kama maji ya mto wa asubuhi. Akaendelea kuondoa mawe, kitanda hadi kitanda, na baada ya muda akasikia jiwe likianguka sakafuni upande wa pili wa ukumbi, halafu jingine. Hakugeuka kutazama kama Msimamizi analia. Alimfuta kamasi mara moja, inatosha.

Kwenye kitanda cha arobaini, kengele ililia. Kisha mbili kwa pamoja. Kisha hazikuhesabika.

* * *

Saa kumi, saa ile ile ya hati, Subilaga alikuwa amelala kwenye kitanda namba sabini na saba kwa ubavu wa kushoto, ladha ya ua la buluu ulimini. Ukumbi ulijaa watu waliojifunga mashuka, wakinywa uji kwa vijiko viwili viwili, wakikohoa kikohozi cha kweli. Daktari Rukia alikuwa amefika na sufuria, na watatu wa kwanza aliowapa uji aliwasogezea sweta moja moja, mpaka akabaki na blauzi.

Atupele alisimama kando ya kitanda, akijishikilia kwenye ukingo. Sasa alikuwa yeye wa juu na mwingine wa chini.

"Goti mbele," alisema. "Ulinifundisha mwenyewe."

"Atupele. Usiyaseme yale maneno."

"Maneno gani?"

"Unayajua."

Atupele aliinama kwa shida, akaokota jiwe moja sakafuni, dogo, la mtoni, lenye weusi wa jasho. Akalitia kwapani. Akasimama hivyo, akimtazama mke mwenzake kwa macho ambayo Subilaga aliyasoma juu na chini asione mwisho wake. Zamu ya kuamua ilikuwa yake sasa. Jiwe lile lilipata joto lini, hakuna ajuaye.

Kisha akalitoa. Akaufungua mkono wa Subilaga, akaliweka kiganjani, akavikunja vidole juu yake.

"Ukizinduka, gonga na hilo," alisema. "Usikwaruze. Kucha zinaisha."

"Lini?"

"Viazi vya masika ya pili. Siku ya kwanza ya kuchimba. Nitachelewa kwa sababu ya mgongo, si kwa sababu nyingine."

Akashusha kifuniko.

Giza lilikuwa giza tu, lisilo na pembe. Subilaga alisikiliza juu yake. Alisubiri uzito. Alisikia miguu, sauti, kijiko kikigonga bakuli, mtu akicheka mbali. Kila kilichosogea alikipima kama ni jiwe. Baridi ilikuwa kwenye vifundo. Ilipofika magotini hakuvumilia. Akainua kidole, akasukuma.

Kifuniko kikapanda upana wa unywele, na kengele ikapiga kelele.

"Nimesikia!" Atupele aliita kutoka upande wa sufuria. "Lala, dada!"

Akakiachia. Akahesabu pumzi ishirini. Baridi ilikuwa kiunoni, inapanda kwa adabu kama mgeni. Akasukuma tena, na kengele ikalia tena.

"Nimesikia, wewe mwanamke! Utatuamshia wafu!"

Watu walicheka. Subilaga naye alicheka, au alijaribu. Midomo ilikuwa imeondoka. Jiwe kiganjani lilikuwa bado na joto, sehemu moja tu, ya ukubwa wa sarafu. Alitaka kujaribu mara ya tatu. Alikiambia kidole, akakiambia tena, na kidole hakikumjibu. Lakini sikio lilikuwa bado liko macho, peke yake gizani, likisubiri kusikia kama juu yake kitawekwa kitu.